Sahani ya Jirani Bado Iko Kwangu

Jumapili alasiri, Ujiji. Mvua inanyesha tangu adhuhuri na haina dalili ya kukatika. Mkaa umelowa, unatoa moshi badala ya moto, na mimi nimekaa barazani na simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nawaandikia shajara yangu ya mtandaoni.

Leo sitaumauma maneno. Nina wivu.

Wivu wenyewe si wa mume, wanaonijua wasianze kunyoosha shingo. Baba Shamsa ni fundi wa mashine za boti pale Kibirizi, anarudi nyumbani ananuka dizeli kuanzia kichwani hadi kwenye soksi, na bado sijamwona mwanamke wa kuja kuniporea. Wivu wangu ni wa chungu. Namwonea wivu mwanamke mwenzangu kwa mapishi yake. Mwanamke huyo ameondoka leo asubuhi, na nilidhani wivu ungeondoka naye. Haukuondoka. Umebaki hapa barazani, tunatazama mvua pamoja.

Nimwite Hadija. Si jina lake. Alipokuwa hapa sikuthubutu kuandika habari zake hata mstari mmoja, na mkisoma mtaelewa kwa nini.

Kwanza mnijue mimi. Nimeolewa hapa Ujiji zaidi ya miaka kumi sasa, lakini kwetu ni huko juu, vijijini Kasulu, kwenye baridi na maharage. Mimi ni Mha. Watu wa Ujiji ni watu wa mjini tangu enzi za mababu zao, wana misikiti yao, biashara zao, Kiswahili chao na maringo yao, na sisi tulioshuka wanatuita watu wa mlimani. Hawasemi kwa ubaya. Wanasema kama unavyomwambia mtoto afunge vifungo vya shati.

Nilipokuja nilikuwa na Kiha kingi na Kiswahili cha kuombea maji. Wiki ya kwanza tu nilikwenda sokoni na mawifi zangu, nikamwona mama wa kwetu anauza maharage, nikamsalimia kwa Kiha kwa furaha yote. Mawifi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo Kiha changu nilikikunja nikakitia chini ya sanduku. Hata Shamsa binti yangu hakijui.

Mama mkwe tunakaa naye. Ni mjane. Nampenda na namwogopa, vyote kwa pamoja. Kila mwaka anamsomea marehemu mumewe hitma, watu wanajaa uani, tunaazima masufuria makubwa msikitini, na mwanamke mmoja anashika mwiko. Wengine wote tunamenya, tunachambua mchele, tunapuliza moto. Mwenye mwiko ndiye anayeamua chumvi. Ndiye anayesema kuni zipunguzwe. Na wazee wakishamaliza kula wakanawa, ndiye wanayemuulizia: leo nani alikuwa jikoni? Miaka yote mwiko aliushika Mama mwenyewe. Mwaka huu magoti yamemkataa. Hitma ni Ijumaa hii inayokuja, na mimi ndiye mke wa mwanawe pekee wa kiume. Nikajua zamu imenifikia. Nikajua, tena nikawapigia ndugu zangu simu kuwaambia.

Hapo sikuwa nimemweka Hadija kwenye hesabu.

Miaka hii kila nyumba Kigoma ina habari yake ya wakimbizi. Warundi wanavuka, mabasi yanapita yamejaa watu na magodoro kuelekea makambini. Lakini Ujiji na Bujumbura ni ndugu wa zamani, hasa mtaa wao wa Buyenzi, ambako watu ni Waislamu, wanaongea Kiswahili, na wameoana na watu wa huku tangu zamani. Kwa hiyo wako waliofika wakapita kimya kimya, huyu kwa shangazi, yule kwa mjomba. Hairuhusiwi. Mkimbizi mahali pake ni kambini, na akitoka lazima awe na karatasi ya ruhusa. Sote tunalijua hilo, na sote tumejifunza kufumba jicho.

Hadija alifika kwa shangazi yake, Bi Mwanaisha, jirani yetu wa ukuta mmoja. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo. Mwembamba, mpole, mdogo wangu kidogo kwa umri. Mume wake alipotelea huko huko, na hakupenda kusema zaidi, nasi hatukumuuliza. Mama yake walipoteana njiani. Nilimhurumia. Naapa nilimhurumia. Nilimpelekea kanga mbili, doti nzuri, moja nilikuwa sijaivaa.

Kesho yake akanirudishia asante kwa sahani.

Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, yenye maua mekundu ukingoni, rangi imebanduka upande mmoja. Ndani kulikuwa na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kayapika kwa mawese na nyanya chungu na unga wa dagaa. Pembeni ugali wa muhogo. Chakula cha kila siku, hata mimi nakipika. Mama mkwe akanawa, akamega tonge moja. Akamega la pili. Akakomba upande wake wote, akahamia upande wa Shamsa. Kisha akalamba vidole na kusema, "Hiki ndicho chakula."

Zaidi ya miaka kumi nampikia mwanamke huyu.

Sasa, sahani ya jirani hairudi tupu. Hiyo ni sheria huku kwetu, haijaandikwa popote na hakuna asiyeijua. Sahani ikija na sombe, itarudi na chochote: andazi, ndizi mbivu, konzi ya karanga, hata chumvi kama siku hiyo huna kitu. Mtu mwenye akili timamu angeweka ndizi. Mimi nikasema, ngoja nimwonyeshe huyu. Nikaenda buchani, nikachagua nyama, nikaikaanga kwa vitunguu vingi, nikaijaza sahani yake mpaka mchuzi ukawa unatishia kumwagika.

Baada ya siku mbili sahani ikarudi. Safari hii vichwa na mikia ya samaki wetu wa ziwani, migebuka, ile ambayo wengine wanawatupia paka, kaipika mchuzi mwepesi wa ndimu na pilipili. Mama alinyonya kichwa kimoja mpaka kikabaki mfupa mweupe. Nikarudisha na pilau. Ikaja na maharage yaliyopikwa na ndizi mbichi, mawese yakielea juu kama jua linapochwa upande wa Kongo. Nikarudisha na kuku.

Kuku, jamani. Kwa sahani ya maharage.

Baba Shamsa ananiachia hela ya matumizi kila anapolipwa, na si nyingi, maana mashine za boti haziharibiki kwa ratiba. Nikienda nayo taratibu inatufikisha. Mwezi huo ilikata katikati. Tukaanza kula maharage ya chumvi tupu, hayana kitunguu, hayana mafuta. Baba Shamsa alitazama bakuli, akanitazama mimi, akaniuliza kwa upole kama kuna mgonjwa kwetu Kasulu niliyemtumia pesa. Nikamwambia vitu vimepanda bei. Wakati huo kuku wetu alikuwa upande wa pili wa ukuta, analiwa na watu wawili.

Na kilichonikereketa hasa ni kwamba kwa hao watu wawili vitu havikuwa vimepanda. Bi Mwanaisha anaishi kwa kuuza vitumbua. Hana mume, hana mtoto Dar wa kumtumia chochote. Nyumba ile ina hela ndogo kuliko yangu, na inakula vizuri kuliko yangu, kila siku ya Mungu. Saa saba mchana harufu inapanda ukuta bila aibu. Shamsa anaacha kucheza, ananyanyua pua. Hata paka wangu alihama.

Nikaamua kumfuata nione anafanyaje.

Ndiyo, nilimfuata kama mpelelezi. Ilikuwa asubuhi, wiki mbili zilizopita. Nilijitanda kanga mpaka puani nikamwachia nafasi ya nyumba tatu nne. Alianza mwaloni, ufukweni wanaposhusha samaki. Zilikuwa siku za giza, mwezi hakuna, wakati ambapo taa za wavuvi zinavuta dagaa vizuri na mitumbwi inarudi imejaa. Kila mtu Ujiji anajua kwamba dagaa wa giza ni wa bei rahisi. Tunajua, halafu tunanunua wa kutosha siku ile tu. Mbalamwezi ikija, wavuvi wakapumzika, tunakwenda mwaloni kulipa bei yoyote tutakayotajiwa huku tunanung'unika. Hadija alinunua wa kumfikisha giza jingine. Na hakununua wale wa kuanikwa mchangani. Alitembea mpaka kwa mama mmoja anayeanika juu ya vichanja, akachota kiganja, akawasugua, akanusa, akatafuna mmoja mkavu akiwa amefumba macho. Mimi nanunua wa mchangani kwa sababu fungu linaonekana kubwa. Nikifika nyumbani naosha na kuosha, na bado Mama mezani anatema mchanga na kusema alhamdulillahi kwa sauti ya kunichoma.

Kisha akaenda sokoni, na hapo ndipo nilipochomeka kweli.

Kuna akina mama wanaoshuka na mizigo kutoka vijijini. Wanakaa chini pembezoni mwa soko, na majani ya muhogo, nyanya chungu, maharage, uyoga wakati wa mvua. Mimi siendi kwao. Mimi nanunua kwa wachuuzi wa mezani, ambao wamenunua kwa akina mama hao hao asubuhi ile ile, wakavirushia maji ving'ae, wakaongeza chao. Siendi kwao kwa sababu ni wa kwetu. Wakinitazama tu watanijua. Watanisalimia kwa Kiha, na soko zima litasikia.

Hadija alichuchumaa mbele yao. Akawasalimia kwa Kirundi chake. Kirundi na Kiha ni mtu na mdogo wake, wakamjibu kwa Kiha na wakaelewana bila shida. Walimshika mkono. Walimuuliza kama amepata habari za mama yake. Akawauliza maharage haya ni ya lini, yapi yanaiva haraka bila kumaliza mkaa, na wakamwambia ukweli, hata wakamkataza fungu moja kwamba lina wadudu. Wakampimia. Kisha wakaongeza konzi moja, na konzi nyingine, kama mtu anavyomwongezea binti yake. Mimi nimesimama nyuma ya muuza ndoo, nimejitanda kanga, nasikiliza lugha ya mama yangu inavyomnunulia mtu mwingine chakula kizuri kwa bei nafuu.

Niliumia sana. Yeye ni mgeni na mimi ni mwenyeji, na pale yeye ndiye aliyekuwa kwao. Akiwa na watu wa mjini ni wa mjini, Kiswahili chake cha Buyenzi kimenyooka kuliko changu mpaka kesho. Akichuchumaa kwa watu wa mlimani ni wa mlimani. Mimi si wa huku si wa kule, nimebeba nyanya za bei ghali. Nilirudi nyumbani nikampigia Shamsa kelele kwa kosa ambalo hata sikumbuki.

Jumatatu iliyopita Mama mkwe akaniita chumbani kwake. Nilijua ni habari ya hitma, nikavaa mtandio wangu mzuri. Akaniambia bila kunizungusha kwamba mwiko mwaka huu atampa Hadija. "Huyo mtoto," akasema, "anapika kama dada yangu marehemu." Na mimi akanipa kusimamia vitunguu.

Nikasema haya Mama. Ungesema nini?

Nilipofika mlangoni akaniita tena, safari hii kwa sauti ya chini. Akanipanulia mdomo, mtu mzima vile, akanionyesha. "Mke wa mwanangu, mimi magego sina," akasema. "Ile nyama yako ya Ijumaa naitafuna kama ndala."

Miaka yote hiyo. Nyama ya Ijumaa ninayojinyima wiki nzima ili niinunue, kwa ajili yake, kwa heshima yake, alikuwa anaipeleka pembeni ya sahani na kumsogezea mjukuu. Mimi nikiona nasema, tazama bibi anavyompenda Shamsa. Hakutaka kunivunja moyo, akawa anakula wali na mchuzi. Hadija aliliona siku aliyokuja kusalimia mara ya kwanza. Ndiyo maana sombe yake ilitwangwa mpaka ikawa laini kama uji, na maharage yake yaliiva mpaka yanajivunja yenyewe. Mimi nilikuwa napima upendo kwa bei ya buchani. Yeye alimtazama bibi mdomoni. Nikaenda kukata vitunguu vya jioni, na bahati nzuri mtu akilia juu ya vitunguu haulizwi.

Jumatano akaja mjumbe.

Mjumbe wetu wa mtaa ni mzee wa heshima, mpole, anatembea na mwavuli hata siku ya jua. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, maana kutoka juu walikuwa wametaka wageni wote wajulikane. Alinikuta mlangoni nimeshika ile sahani ya maua mekundu. Nilikuwa nimeiosha, sijaweka kitu ndani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza habari za magoti ya Mama. Kisha akaonyesha kwa mwavuli.

"Hapo kwa Bi Mwanaisha naona mtu nisiyemjua," akasema. "Ni nani yule?"

Neno moja tu. Nisingehitaji hata kusema uongo, ningesema ukweli: mgeni kutoka Burundi, Mzee. Basi. Angepelekwa kambini kabla ya Ijumaa ya hitma, mwiko ungerudi kwangu, harufu isingepanda ukuta tena, na mimi ningekuwa nimesema kweli tupu kama nilivyofundishwa madrasa. Nililionja neno lile mdomoni. Nimeahidi kutoumauma, kwa hiyo nasema: lilikuwa tamu. Lilikuwa tamu kuliko chochote nilichopika mwaka huu.

Nikatazama sahani. Nikawaza, nikisema, hii nitamrudishia nani? Wazo la kijinga kabisa, mtu anataka kuharibiwa maisha na mimi nawaza bati. Lakini ndilo lililonijia.

"Ni mdogo wangu, Mzee," nikasema. "Katoka kwetu mlimani."

Mjumbe akashusha mwavuli. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja: naye kwao ni huko huko mlimani, ingawa miaka yote hajawahi kulitaja hilo. Akaniuliza taratibu, kwa Kiha, kwetu ni kijiji gani.

Pale nje kuna bomba la maji, na wanawake wa mtaa walikuwa wamepanga ndoo, na mmoja wao ni wifi yangu, kati ya wale waliocheka sokoni. Ningeweza kujibu kwa Kiswahili. Nilimjibu kwa Kiha. Nikamtajia kijiji, nikamtajia baba yangu na ukoo wake, nikamwambia mdogo wangu kaja kunisaidia kwenye hitma. Kiha chenyewe kilitoka na kutu, maneno mengine niliyatafuta mpaka jasho likanitoka, lakini kilitoka kwa sauti na bomba zima likasikia. Hakuna aliyecheka. Wifi yangu alinyanyua ndoo yake akaenda.

Mzee akanitazama mimi, akatazama ukuta wa Bi Mwanaisha, akautia mwavuli wake kwapani.

"Ndiyo," akasema kwa Kiswahili. "Mnafanana."

Akaenda zake nyumba ya pili. Nilipogeuka, Mama mkwe alikuwa amesimama ukumbini ameshika ukuta. Alisikia yote. Akarudi kukaa. Mchana ule alikula chakula changu chote, sijui kwa adabu au kwa njaa.

Jioni Hadija akaja jikoni kwangu. Siku zote alikuwa anaishia mlangoni na sahani yake, safari hii aliingia, akachukua mchi, akaanza kutwanga. Hakunishukuru na sikutaka anishukuru, ningelia. Alinionyesha namna ya kukata nyama vipande vidogo na kuiacha kidogo na papai bichi lililopondwa, ilainike hata kama ni ile ya bei ya chini, hata kama mlaji hana magego. Alinionyesha kuanika dagaa upya juu ya bati kabla ya kuwafungia kwenye debe. Yote kwa upole, bila kujishaua. Mnajua ilivyo vigumu kumchukia mtu wa namna hiyo? Nilijifunza kila kitu na nilimwonea wivu kwa kila kitu, mpaka kwa anavyoshika mchi.

Juzi Ijumaa simu ikaingia kwa Bi Mwanaisha. Mama yake Hadija amepatikana. Yuko kambini, mzima, lakini yuko peke yake na macho yamefifia. Hadija hakufikiri mara mbili. Akasema anakwenda mwenyewe kujiandikisha, akae na mama yake. Habari za mwiko hakuna aliyezitaja, na mimi niliona haya kwamba nilizikumbuka.

Bi Mwanaisha akalia. Mama mkwe akalia, akamshika Hadija kichwa na kumsomea dua ndefu. Nikasimama pale nawatazama, nikajiuliza: mimi nikiondoka leo, kuna atakayelowesha kanga yake hivi? Ni wivu gani huu, wa kumwonea mtu hata machozi ya kumuaga, na mtu mwenyewe anakwenda kuishi chini ya turubai? Lakini ndivyo nilivyojisikia, na shajara si mahali pa kujipamba.

Leo asubuhi tumewasindikiza yeye na shangazi yake mpaka kwenye gari. Kambi iko upande wa kwetu, njia ya Kasulu. Nilimwambia mjumbe katoka mlimani, sasa ndiyo kwanza anakwenda. Aliondoka mwenyewe, kwa miguu yake, mchana kweupe. Hakuna aliyekuja kumtoa. Hilo ni langu, na sitaki mtu aninyang'anye. Gari lilipokuwa linawashwa nikakumbuka, nikamwambia, sahani yako! Ngoja nikimbie nikaichukue.

"Iache, dada," akasema. "Utairudisha, na usiirudishe tupu."

Nikarudi kupitia sokoni. Nilizunguka meza za wachuuzi mara moja, nikazunguka tena, kisha nikaenda pembeni nikachuchumaa. Nikawasalimia kwa Kiha, mwidiwe. Yule mama aliyempimia Hadija maharage alinitazama, akacheka, na kicheko chake hakikuwa kile cha mawifi zangu. Akaniuliza kwa Kiha nimekuwa wapi siku zote, amekuwa akiniona napita. Kumbe walinijua siku nyingi. Kanga yote ile niliyojitanda ilikuwa kazi bure. Nikanunua majani ya muhogo na nyanya chungu, wakaniongezea konzi, na hela niliyoingia nayo sokoni sikuimaliza.

Nimepika sombe. Nimetwanga mpaka mikono imetoka malengelenge. Mama mkwe akamega tonge, nami nikasimama na jagi la maji nikimtazama mdomoni.

"Si ya Hadija," akasema.

Kisha akasogeza sahani niongeze.

Alipomaliza kunawa aliniambia mwiko ni wangu. Basi, nimeupata. Nimeupata kwa sababu mwenyewe kaondoka, kama mtoto anayerithi sare ya dada yake. Ijumaa wazee wakiuliza nani alikuwa jikoni, watatajiwa mimi, na Mama moyoni mwake atamtaja mwingine. Ninalijua hilo na bado nitaushika kwa mikono miwili. Nyama nitailaza kwenye papai.

Sahani iko hapa mbele yangu, naitazama huku naandika. Bi Mwanaisha alipopanda gari alisema mwisho wa mwezi atakwenda tena kambini kuwaona, nami nitampa aibebe. Nimefikiria niweke nini. Nyama itaoza njiani. Maharage? Kule ndiko yanakotoka, sasa hivi anakula maharage ya kwetu, mapya, ambayo mimi sijayala tangu mwaka jana, na hilo nalo limeniuma kidogo. Nitaweka dagaa. Lakini si leo. Leo ni mbalamwezi, mvua ikikatika mwezi utatoka mpevu, mwaloni dagaa ni wachache, na waliopo ni wa mchangani. Nikimpelekea hao atatafuna mmoja tu na atajua. Atanicheka, na sitakuwepo kumwona.

Acha mwezi umalize kujionyesha. Giza likiingia nitashuka mwaloni mwenyewe, bila kujitanda, nitapita mchangani bila kusimama mpaka kwenye vichanja, nitafumba macho na kutafuna mmoja mmoja mpaka nipate dagaa wazuri kuliko wote aliowahi kununua yeye.

Kuliko wote. Si nimeshawaambia nina wivu?